Yah: Maombi ya Kuongezewa Shida

S.L.P. ya Shule ya Msingi (kwa hisani),
Tukuyu, Rungwe.
Agosti, likizo ndefu.

Mwenyekiti,
Kamati ya Uteuzi,
Mfuko wa Ufadhili wa Masomo,
Ughaibuni.

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea sayansi ya udongo. Likizo hii nimeimalizia kwenye insha zenu. Wenzangu wako shambani wanachuma chai na kulipwa kwa kilo. Mimi nimejifunika blanketi, naandika kwa Kiingereza jinsi ninavyoipenda jamii yangu, ambayo imechoka kuuliza huyu mtoto anafanya nini ndani kutwa.

Swali lenu la kwanza linataka nieleze dhiki niliyoishinda. Hapo ndipo nilipokwama. Kipeperushi chenu kina picha ya ardhi iliyopasuka kwa ukame. Waheshimiwa, huku kwetu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Nimeutafuta ukame kuanzia Kiwira hadi Masoko bila mafanikio. Njaa nayo ni adimu: nyuma ya nyumba kuna migomba, pembeni kuna mparachichi, na mama akisikia nimeandika kwamba nililelewa kwa kulala njaa, atanifuata na mwiko.

Kijana wa stesheneri pale karibu na stendi, ambaye insha za waombaji wengi zimepita mikononi mwake, alinishauri nimuue mzazi mmoja, kwenye karatasi tu. Nilimfikishia baba wazo hilo kwa heshima zote. Alikataa. Alisema ng'ombe wanakamuliwa alfajiri na hana wa kumwachia.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo huulizia vifo vya wazazi. Lakini yenyewe hutaka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Ukishaambatisha, umemaliza, hakuna anayekudai machozi. Ninyi cheti hamna haja nacho. Mnataka msiba usimuliwe vizuri, uanze kwa huzuni, uishie kwa matumaini, na usizidi maneno 500.

Swali la pili ni uongozi: nimeanzisha nini? Chuoni kwetu, tangu fomu zenu zilipoingia, karibu kila mwanafunzi ni mwanzilishi na mkurugenzi wa asasi. Wanachama ndio hawajapatikana, maana wote ni wakurugenzi. Zamani huku kwetu haikuwa hivyo. Miaka ya 1930 wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walikuja kutuchunguza sisi Wanyakyusa, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu kizima juu ya vijiji vya rika: wavulana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao, wakajenga kijiji chao wenyewe. Mpeni mmoja wao fomu yenu. Nani aliyeanzisha mradi huu? "Sisi." Mchango wako binafsi ni upi? "Tulikuwa wengi." Angekatwa kwenye mchujo wa kwanza, huku kijiji kimesimama.

Ajabu ni kwamba hakuna mahali mnaponiuliza ninachosoma. Ningewaeleza kwa nini chai hustawi kwenye udongo wenye tindikali, na majivu ya volkano ya Mlima Rungwe yameufanyia nini udongo wetu. Hayo hayamo kwenye fomu. Mnachotaka kujua ni kama niliwahi kwenda shule pekupeku.

Waheshimiwa, parachichi la Rungwe linasafiri hadi Ulaya kila msimu. Hupimwa uzito, hukaguliwa ganda, kisha hupakiwa. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuliuliza liliteseka vipi mtini. Nami nina matokeo ya mitihani, yana mhuri wa chuo, yanapimika.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya haya:

(a) Mniletee shida inayokidhi viwango vyenu, nami nitaipokea na kuishinda kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, au

(b) Muongeze kisanduku kimoja kwenye fomu, kidogo tu, chenye swali: "Umepungukiwa ada kiasi gani?" Nitajibu kwa tarakimu, na hamtahitaji kuajiri mtu wa kulia kwa niaba ya kamati.

Mkichagua (b), najua mtakosa hadithi za kuwasomea wafadhili wenu kwenye chakula cha jioni. Kwa hilo natanguliza pole.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji
(Mwanzilishi na Mkurugenzi, asasi itatajwa baadaye)

Nakala:
Mama – aya ya njaa imeondolewa.
Baba – kwa taarifa. Katika toleo hili uko hai.