Sifa za Kuchakuro wa Noonkopir

Simba ana mashirika ya kumtetea, faru ana askari wenye bunduki. Kuchakuro, huyu kindi wa ardhini anayefukua mbegu zetu hapa Noonkopir, Kitengela, hana hata wakili. Leo nimejitolea.

Kwanza, anaheshimu saa za kazi. Hutoka shimoni jua likishapasha ardhi, na kabla ya magharibi amekwisha kurudi. Havunji mlango wala hatambai gizani. Anakuibia mchana kweupe, na baada ya kila punje husimama kwa miguu ya nyuma, mikono kifuani, akuangalie kama bado upo. Laiti wezi wetu wengine wangekuwa na adabu hiyo, mbwa wa mtaa wangelala usingizi.

Kisha ustadi wake. Panda mahindi mvua za vuli zikianza, vuta kamba, pima sentimita 75 kwa 25 kama bwana shamba alivyoagiza, fukia vizuri. Kesho yake utakuta mstari umefunguliwa shimo kwa shimo, safi, na maganda ya punje yameachwa kandokando. Akishagundua nafasi kati ya punje mbili za kwanza, zilizobaki anazijua. Sijaona mkulima mwingine hapa mtaani anayeufuata ushauri wa kitaalamu kwa bidii hiyo. Wala hana uchu: mche ukishakua na punje ikaisha chini ya udongo, anakuachia. Majani ni yako.

Tazama pia alivyodhulumiwa. Ndugu yake wa Marekani, chipmunk, naye ni mharibifu wa bustani, lakini Disney walimfanyia katuni tangu 1943, na mwaka 1958 wenzake wakapewa bendi. Wetu hata Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikumkumbuka. Katika orodha ya wanyama ambao serikali inaweza kulipia hasara yao, tembo yumo, fisi yumo, hata nyoka aliwahi kuwamo. Kuchakuro hayumo. Amekula vuli nzima ya watu na bado hesabu za serikali hazimjui.

Na hapa ndipo sifa yake kubwa ilipo. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini uliachwa wazi, nyumbu na pundamilia wakawa wanapita kuja nyanda hizi msimu wa mvua. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, zikaja ploti, seng'enge na kuta za mawe. Nyumbu wakapungua mno. Juni 2012 simba sita waliuawa hapa hapa Kitengela kwa siku moja, baada ya kuingia boma la mifugo. Kila mnyama mwenye jina kubwa amehama, amekufa, au amebaki ndani ya hifadhi. Kuchakuro amebaki. Ukuta ukijengwa, anapita chini ya msingi. Mawe ya ujenzi yakikaa miaka mitatu yakisubiri pesa, anahamia humo na jamaa zake, bila kodi. Hati miliki hana, lakini sijasikia dalali aliyefanikiwa kumhamisha.

Wanaonisumbua kwa kuuliza dawa, haya. Ondoeni mirundo ya mawe na vichaka kando ya bustani. Zungushieni wavu wa matundu madogo, uzikwe futi moja na kukunjwa kwenda nje, maana yeye huchimba pale pale ukutani. Mboga otesheni kitaluni kwanza, sukuma wiki wekeni kwenye magunia, na mahindi yalindwe mchana hadi yashike. Sumu msitie: mwewe au mbwa wako akimla aliyekufa, naye anakwenda. Na mkishindwa na hayo yote, pandeni punje tatu kila shimo. Mbili ni zake.