Nani Kama Phoenix Nyeusi

Ndugu zangu, sisi tuna kipaji cha kusifu. Kila mwenye cheo tumeshamsifu, na kila chenye injini pia. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro mwaka 2024, naamini wapo waliopanda wasio na safari, wakitaka picha tu. Lakini baiskeli nyeusi ya chuma, ile Phoenix ya Kichina yenye bomba la juu, keria pana na breki za fito, sijaona mtu akiisimamia jukwaani. Anayeipanda anahesabiwa kuwa hajafanikiwa bado. Anayeiuza anaificha nyuma ya duka, mbele kapanga zile za gia zenye rangi za peremende. Basi leo naisimamia mimi, tena bila bahasha.

Nianze na uzito, maana ndipo maadui wanapoanzia. Wanasema ni nzito. Kweli, ni nzito: kilo 20 hivi ikiwa tupu, na tupu haikai. Lakini uzito huo ni malezi. Mwenye baiskeli nyepesi akiona kipande cha lami tu anapandwa na wazimu, anainama, anakanyaga, anataka kushindana na bajaji. Mwenye Phoenix hana kishawishi hicho. Anafika kazini akiwa ameitikia salamu zote za njiani, na habari za misiba miwili anazo. Mwenda pole hajikwai, na Phoenix haijui mwendo mwingine. Hata mwizi inamrudi: akiibeba ngazi moja anaweka chini, anajiuliza kama kazi hii ndiyo aliyoiombea kwa Mungu.

Sasa tuzungumze barabara, kwa sababu baiskeli haichaguliwi dukani, inachaguliwa na njia utakayopita. Mchukue mtu anayeishi ndani ndani Kigamboni na kazi yake iko Kariakoo. Kutoka mlangoni kwake ni mchanga wa pwani, ule unaomeza kandambili. Baada ya mchanga kuna kifusi alichomwaga mheshimiwa fulani wakati wa kampeni. Mvua ikachukua udongo, yakabaki mawe. Halafu lami, na kwenye lami matuta, na kabla ya tuta rasta zinazokutikisa meno ili ujue tuta linakuja. Halafu kivuko, ambako ataikokota baiskeli juu ya sakafu ya chuma katikati ya watu, ndoo na mikokoteni. Ng'ambo anaanza upya: harufu ya samaki, peving iliyong'oka, mfuniko wa chemba uliozama, na mwisho Kariakoo yenyewe, ambako huwezi kujua chini kuna lami au hakuna kwa kuwa huoni chini.

Kwa njia ya namna hiyo raha haitafutwi kwenye mwendo. Inatafutwa kwenye upepo. Mwaka 1888 daktari mmoja wa mifugo mjini Belfast, John Boyd Dunlop, alisajili uvumbuzi wake wa tairi la upepo, baada ya kulijaribu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Hakuwa anatafuta ubingwa wa mbio. Mtoto alikuwa anatingishwa na njia mbovu, basi. Phoenix haijausahau msingi huo. Gurudumu lake ni la inchi 28 na tairi lake lina unene wa inchi moja na nusu, karibu sentimita 4. Gurudumu kubwa halitumbukii sana shimoni, linapita juu ya midomo ya shimo. Uma wa mbele umepinda kwenda mbele, kwa hiyo unanesa kidogo kabla pigo halijafika mikononi. Na fremu ni ndefu, magurudumu yameachana, nawe umekaa katikati yake, mbali na kila balaa. Wanaosema umbo hili limepitwa na wakati wana haki. Barabara zetu nazo zimepitwa na wakati, kwa hiyo wamekutana.

Njoo kwenye siti. Bonyeza kwa ngumi zote mbili usikie springi zinavyolalamika: kwiii, kwiii. Watu wanazipaka grisi zinyamaze, na mimi sielewi kwa nini. Kwa Phoenix unakaa wima, mgongo umenyooka, unamwona mama wa maandazi na anakuona. Ukikaa wima, uzito wako wote unakwenda makalioni, na makalio yanahitaji siti pana yenye springi. Siti nyembamba ya baiskeli ya mashindano si adhabu kwa mwenyewe, maana yule ameinama na uzito mwingine ameutupa kwenye mikono. Ila kuichukua siti ile na kuifunga kwenye baiskeli ya kukaa wima, kama wafanyavyo vijana kwa ajili ya urembo, ni kujitafutia kesi na mkia wa uti wa mgongo.

Wapinzani wake nimewaona. Ile ya gia yenye springi mbele na nyingine katikati inapendeza kweli ikiwa imesimama. Springi za bei rahisi, hata hivyo, hazichagui: zinameza shimo na zinameza pia nguvu ya miguu yako. Unakanyaga, baiskeli inakuitikia kwa kuinama na kuinuka, inakubaliana na wewe kwa heshima zote wala haiendi. Gia zake zikishakula mchanga wa Kigamboni, kati ya zote inabaki moja, nayo siyo ile uliyokuwa unaitaka. Phoenix imekuanzia huko huko kwenye moja, imekuondolea safari ndefu ya kufika hapo. Ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele na bomba lililoshuka chini, sitaisema vibaya. Mtu wa gauni au kanzu anaipanda bila kuwapa majirani burudani, taa yake inawashwa na dinamo, na kukaa kwake ni raha. Kosa lake ni kwamba inafaa sana, na kitu kinachofaa sana hakihitaji mtetezi.

Najua mnangoja breki. Haya. Fito zinavuta viatu vya mpira kwenda juu, vinabana rimu upande wa ndani, na kwa sababu hiyo hata rimu ikiyumba kidogo bado zinabana. Huo ndio wema wake, na ni wema wa kiangazi. Rimu ni ya chuma kilichopakwa kromu, na kromu ikilowa, mpira hauna cha kushika. Siku ya mvua unabana breki pale Posta ili usimame Mnazi Mmoja. Maadui wanashangilia hapo, lakini nawauliza: ni chombo gani kingine jijini kinachomfundisha dereva kuangalia mbali? Mwenye breki kali anaangalia mita mbili mbele. Mwenye Phoenix, wingu likitanda, anaiangalia kesho.

Na pale inapogonga! Ile pini inayoshika mkono wa pedeli ikilegea, kila mzunguko inatoa mlio: ko, ko, ko. Mwenye haraka huona kero. Fundi aliye chini ya mwembe anaisikia ukiwa bado kwenye kona, na kabla hujashuka ameshashika nyundo. Anapiga mara mbili, anakaza nati, anakwambia, "Kaka, hii itakuzika." Vipuri vyake viko kwenye kopo la maziwa: gololi, spoku, pini, solusheni, na karai la maji la kutafutia pancha liko pembeni. Hana haja ya kompyuta wala ya kuagiza chochote kutoka nje. Ukimpelekea ile ya springi katikati, anaizunguka tu huku akivuta pumzi.

Mchangani nayo inazama, sikatai. Ndipo unaposhuka kukokota, na wanyonge wa roho huliita hilo aibu. Muulize muuza madafu, ambaye keria yake imebeba shehena ya kumfunika mwenyewe asionekane kwa nyuma. Yeye anakokota tangu alfajiri, na hakuna anayemwambia kwamba baiskeli yake imeshindwa kazi.

Ukienda kununua, basi, usibabaishwe na rangi. Ipande pale pale dukani: ukiwa umekaa, pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo, na mikono ifikie usukani bila kuuinamisha mgongo kuufuata. Ongeza pesa kwenye siti kabla ya kuiongeza kwenye madoido. Halafu kijana wa duka atakuja na pampu, atajaza matairi mpaka yawe mawe, akijua amekufanyia hisani. Mshukuru, mpe ya soda. Ukishapita kona ambako hakuoni, shuka, toa upepo kidogo, mpaka tairi libonyee kwa dole gumba lakini rimu isiguse chini ukikaa, kisha uelekee mchangani kwako.