Jinsi ya Kumfurusha Mpangaji Asiyelipa Kodi kwenye Managu Yako

Kabla ya kumpa mpangaji notisi, hakikisha kwanza yumo. Mpangaji huyo, utitiri mwekundu, hakai juu ya jani mahali ambapo ungemwona ukimwagilia. Hujificha upande wa chini, na mwili wake wote ni nusu milimita hivi. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi la managu, kisha ligonge tawi kwa kidole. Subiri kidogo. Vumbi halitembei. Ukiona vichembe vyekundu au vya rangi ya machungwa vikitambaa kwenye karatasi, umempata. Geuza basi jani lenyewe: utaona vidoa vidogo vilivyopauka pale aliponyonya utomvu, na mayai yake ya mviringo yametapakaa kandokando ya mishipa.

Huyu si mdudu. Ana miguu minane na ni jamaa wa buibui na kupe. Shika jambo hilo, maana tutalihitaji tukifika kwenye dawa.

Aina inayosumbua zaidi jamii ya nyanya na managu wataalamu huiita Tetranychus evansi. Asili yake ni Amerika Kusini. Zimbabwe walimwona mwaka 1979, na kufikia 2001 alikuwa ameshaingia Kenya. Ukitaka kujua kwa nini anaipenda Eastlands ya Nairobi, simama kwenye balkoni yoyote ya Umoja, Kayole au Dandora saa nane mchana mwezi wa Februari. Ukuta wa mawe umeshika joto, mabati ya jirani yanarudisha mwanga, vumbi la barabara limetanda juu ya majani, na mifereji imekauka kwa sababu leo si zamu ya mtaa wenu kupata maji. Joto, ukavu na vumbi: hayo matatu ndiyo anayoyatafuta. Joto likifika nyuzi 27 au 30, yai hugeuka utitiri mzima kwa muda wa siku kumi au pungufu, na jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya mia moja. Nenda ushago wiki mbili na uache gunia lako la managu bila mtu wa kuliangalia. Utarudi ukute ameita ukoo mzima na wametundika mapazia. Ule utando mweupe kwenye ncha za matawi ndio mapazia yenyewe.

Notisi ya kwanza ni maji. Osha upande wa chini wa kila jani kwa chupa ya kupulizia, asubuhi, mpaka maji yachuruzike. Kama maji ni ya mgao, tumia yale uliyosafishia mboga. Rudia kila baada ya siku tatu au nne, kwa kuwa mayai yaliyobaki leo yataanguliwa kesho kutwa. Anayeosha mara moja akaridhika amemwogesha mpangaji tu.

Notisi ya pili ni sabuni. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, na ukipata mafuta ya mwarobaini, ongeza kijiko kingine. Jaribu kwenye jani moja, ungoje hadi kesho. Lisipoungua, pulizia gunia zima jioni jua likishapoa. Elekeza chupa chini ya majani, maana sabuni humuua yule tu iliyemgusa. Sabuni ya unga na maji ya kung'arishia nguo viache kwenye beseni la kufulia, kwani vitaunguza mmea. Na ukivuna, osha mboga vizuri kabla ya sufuria.

Sasa kuna yule jirani mwema atakayekuletea dawa ya mende. Mshukuru, mkaribishe chai, dawa arudi nayo. Kwa kuwa utitiri si mdudu, sumu nyingi za wadudu zinamwacha akiwa mzima na kuwamaliza maadui zake, na wiki zinazofuata anaongezeka kuliko mwanzo. Ile inayopimwa sokoni kwenye chupa ya soda isiyo na lebo ni mbaya zaidi. Dawa halali ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini, na lebo inasema usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Managu ya balkoni huchumwa kila wiki, na watoto hucheza hapo hapo. Mimi nasema wazi: sumu isipande kwenye balkoni.

Kuna pia dalali, yaani utitiri anayekula utitiri. Mashamba ya maua ya Naivasha humtumia Phytoseiulus persimilis, lakini huyo hafanyi kazi vizuri dhidi ya huyu mgeni wetu wa managu. Ndiyo sababu ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 na yenye makao yake Kasarani, ilimleta nduguye, Phytoseiulus longipes, kutoka Brazil ili imchunguze. Kazi ya namna hiyo inastahili fedha na sifa kuliko chupa zote za sumu.

Mche uliofunikwa utando wote, usiuhurumie. Ung'oe, ufunge kwenye mfuko, utupe siku ya takataka. Usiurushe chini kwa jirani wa ghorofa ya kwanza, ambaye naye ana sukuma na nyanya zake. Na mtu akikuomba mche wa managu, mpe kwa moyo mkunjufu, ila geuza majani yake kwanza uyaangalie.