Shangazi, Hapa Charleston Tunazamia Meno

 

Shangazi, naona picha niliyoituma kwenye grupu la familia imezua jambo. Baba Mdogo ameuliza nimejiunga na chama gani, na wewe umetuma sauti ndefu ya dua. Tulieni. Ile nguo nyeusi ni suti ya mpira ya kuzamia. Kile nilichoshika ni jino la papa, si hirizi. Baba Mdogo mwenyewe alizamia meli pale bandarini enzi zake, wakamrudisha. Mimi nimekuja na viza, ndipo nikazamia.

Hapa South Carolina kuna mto unaitwa Cooper, maji meusi kwa majani yanayooza huko kwenye vinamasi. Jumamosi alfajiri watu wazima, wenye kazi na bima ya afya, wanavuta boti, wanajifunga mkanda wa risasi kiunoni wasielee, wanabeba mtungi wa hewa na kujitosa humo kutafuta meno. Si dhahabu wala simu iliyodondoka. Meno, na mwenyewe alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni tatu iliyopita.

Huyo ni megalodoni. Papa tunayemjua sisi ni ng'onda wa kuunga na nazi. Huyu wanamkadiria mita 15 na zaidi, mwagize asimame kituo cha Gerezani uone kama lile basi refu la mwendokasi litapata nafasi. Kiunzi chake kilikuwa gegedu, kikaoza. Lakini papa hudondosha meno maisha yake yote na kuota mengine, maelfu kwa maelfu, na pwani hii yote ilikuwa chini ya bahari. Sasa mto unakata udongo wa kale, unauosha, unaacha changarawe na meno. Wenyeji wameyajua siku nyingi: kuanzia 1867 walichimba fosfeti ya mbolea maeneo haya, na meno yakawa yanatoka humo humo.

Kingo za mto ni mashamba ya mpunga ya zamani, na mitaro yake, iliyochimbwa kwa mikono ya watumwa wa Kiafrika, inaonekana mpaka leo. Mzee mmoja wa Kigullah, kizazi cha watumwa hao hao, alinikuta gatini navaa mitungi. Akaniuliza nani kanilazimisha. Nikamwambia hakuna, tena nimelipa nauli ya boti. Alinitazama sana yule mzee.

Chini ni futi 30 hivi, giza. Tochi inamulika kiganja chako na hapo ndipo mwisho. Mkondo unataka kukupeleka baharini, kwa hiyo unachomeka bisibisi refu kwenye changarawe, unajishikilia, unajivuta kwa tumbo. Mamba wapo. Nahodha anasema hawana neno na mtu, lakini yeye mwenyewe sijamwona akizama.

Wenzangu wanahangaika na tochi. Mimi, Shangazi, nimekulia kwenye mabelo yako ya mitumba pale Mtaa wa Kongo. Umeme ukikatika ulikuwa unaingiza mkono kwenye belo na kutoa hukumu: hii gredi ya kwanza, hii ina tobo kwapani. Huku mtoni nafumba macho kabisa. Jiwe, kijiti, jiwe, kipande cha mfupa wa nyangumi, jiwe, halafu vidole vinagota kitu kizito, kipana, laini kama kigae, na ukingoni kina misumeno midogo midogo inayokwaruza ngozi. Lile la kwenye picha linajaza kiganja. Tukipanda botini ndipo utacheka: wanaume wazima wanageuzageuza jino juani, wanakagua ncha, mzizi, misumeno, wanakosoa wenzao. Lililo kamili linauzwa hata mamia ya dola. Lililolika na maji wanapewa watoto. Wateja wako wa Jumamosi kabisa!

Na leseni ipo, ndiyo. Kuna sheria ya jimbo ya 1991; chuo kikuu chao ndicho kinachotoa leseni kwa wanaozamia kujifurahisha, na unapeleka ripoti ya ulichookota. Mgambo hakukimbizi, ila fomu zinakukimbiza.

Baba Mdogo amesema kwetu vitu hivi havipo. Mwambieni aulize Lindi. Pale Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walichimbisha mifupa ya dinosaria, wapagazi wakaibeba kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, tani zaidi ya 200. Mmoja amesimamishwa Berlin, urefu kupita mita 13 kwenda juu, na watu wanakata tiketi kumwona. Sisi ujira wa wale wapagazi hatujaambiwa ulikuwa rupia ngapi.

Kuna mtu anakuja Dar mwezi ujao, nimempa kifurushi. Madogo ni ya watoto, wasiyatafune. Moja kubwa ni lako, liweke dukani kwenye kaunta, litazuia makaratasi yasipeperuke. La wastani ni la Baba Mdogo, na najua ataliuza. Sawa, ila asimwambie mtalii limetoka Msimbazi. Mto ule ukifurika pale Jangwani hutoa makochi na friji. Ukitoa jino, polisi watataka kujua ni la nani. Na asishuke chini ya laki tatu.