Sifa za Jini Asiyetisha

Wapo wanaoibeza filamu ya kutisha iliyopigwa kwa senti za kuokoteza, ikashindwa kumshtua hata mtoto. Watovu wa shukrani hao! Filamu inayotisha kwelikweli ina kiburi: inakata watu maongezi, kisha inawarudisha nyumbani wakikagua uvungu wa kitanda. Iliyoshindwa ina adabu. Inawaacha watu wacheke, wabishane, na usiku kila mtu alale fofofo.

Kigali inalijua hilo kwa sababu ya agasobanuye, yaani filamu ya kigeni ambayo msimuliaji mmoja ameitilia sauti yake kwa Kinyarwanda, akimsemea shujaa, adui na bibi kizee. Marehemu Nkusi Thomas, maarufu kama Yanga, aliyefariki 2022, aliifanya kazi hiyo hadi watu wakaifuata sauti yake kuliko sura ya staa. Nduguye Junior Giti naye akashika kipaza sauti. Sasa, fundi wa namna hiyo apewe filamu ya kutisha iliyo nzuri, atafanya nini? Hofu yote ya filamu hiyo imo katika ukimya, naye fundi akikohoa tu kaiharibu. Mpe mbovu uone.

Mpe, kwa mfano, Plan 9 from Outer Space ya Ed Wood. Nyota wake, Bela Lugosi, alifariki Agosti 1956 akiwa ameacha dakika chache tu za picha. Wood hakutetereka. Alimchukua Tom Mason, tabibu wa viungo aliyekuwa akimtibu mkewe, mrefu kuliko marehemu na asiyefanana naye hata kidogo, akamvika joho na kumtaka afunike uso. Ndiyo maana mfu huyo anazurura makaburini kaziba pua kwa kiwiko kama anayepita kando ya jalala. Nyuma yake jiwe la kaburi linayumba. Juu, visahani vya angani vinaning'inia kwa nyuzi zinazoonekana. Mwaka 1980 ndugu wawili wa Marekani, Harry na Michael Medved, waliitangaza kuwa mbovu kuliko zote duniani, na tangu hapo haijakosa watazamaji. Filamu ngapi za wastani zimepata bahati hiyo?

Huko Wakaliga, Kampala, mwongozaji Isaac Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Hiyo ni ya risasi, si ya mizimu, lakini ni ukoo uleule wa mfuko mtupu. Nakala yake ya awali ilifutwa Nabwana alipohitaji nafasi kwenye kompyuta. Iliyosalia ni ile ambamo msimuliaji VJ Emmie anapayuka mwanzo hadi mwisho, akitania na kushangilia: porojo ndizo zilizoiokoa.

Tukirudi Kigali, katika mtaa wa Nyamirambo, ambako Kiswahili ni cha mtaani, jini wa filamu ya Bongo hahitaji hata msimuliaji. Watazamaji wenyewe humsahihisha: wigi limekaa upande, kucha moja imedondoka, na yule anayemtafuta kajificha nyuma ya pazia, miguu nje.