Fuko wa Uporoto na Wapima Mioyo

Paliondokea ufalme wa wanyama chini ya milima ya Uporoto, mahali paitwapo Uyole, ambapo barabara itokayo Iringa na Makambako hugawanyika, moja ikishika njia ya Mbeya na Tunduma, nyingine ikipanda kwenda Tukuyu na kuteremka hata mpakani Kasumulu. Udongo wa huko ulikuwa na rutuba ya majivu ya volkano za kale, na baridi yake ilivifaa viazi mviringo kuliko ilivyowafaa wageni. Waliovilima ni fuko, kabila lisilojua kuketi. Walionunua ni fisi wa pwani, waliopanda huko na magari makubwa. Na kati yao alikaa mbweha, dalali, asiyelima wala kusafirisha, ambaye hata hivyo hapakutoka kiazi shambani pasipo neno lake. Juu ya wote alitawala Nyati, mfalme mwenye nia njema, aliyekuwa hajavuka kizingiti cha Ikulu tangu siku ya kutawazwa.

Sheria ya ufalme ilisema gunia la viazi ni kilo 100, wala lisizidi. Lakini shambani hapakuwa na mizani, na mahali pasipo mizani desturi ndiyo hupima. Desturi ilikuwa hivi: fisi hushona juu ya mdomo wa gunia kipande cha gunia jingine, akajaza, akakanyaga, akajaza tena, hata gunia likavaa kilemba kirefu ambacho wenyeji wote, wakubwa kwa wadogo, hukiita lumbesa. Kisha hulipa bei ya gunia moja. Jasho lililokuwa ndani ya kilemba lilipanda gari bila kulipwa, likashuka pwani likauzwa kwa kilo, na fuko aliyelitoa akarudi shimoni kuhesabu noti ambazo hazikufika ada ya mtoto wala bei ya mbolea ya msimu ujao.

Habari zilipomfikia mfalme kwamba fuko wanazidi kufukarika ilhali viazi vinazidi kujaa, alishika tama siku nzima, kisha akamwita Kasuku, mwanachuoni wa Ikulu. Kasuku alikuwa na elimu moja, aliyopokea kwa mabwana zake wala hakuifungua hata mara moja kuitazama ndani, kwamba kila dhiki makao yake ni kifuani mwa mwenye dhiki. Akaunda Baraza la Wapima Mioyo, likapewa kalamu, karatasi na posho, likashuka mashambani kupita shimo kwa shimo. Kila fuko aliulizwa, "Kwa nini ulikubali lumbesa?" Naye akajibu, "Ningefanyaje?" Mpima moyo akaandika: hana msimamo. Wakaenda kwa wa pili, akajibu, "Ningefanyaje?" Wakaandika: hana msimamo. Kwa wa tatu, kwa wa kumi, kwa wa mia, jibu likawa lile lile, herufi kwa herufi, na katika baraza zima hapakutokea hata mmoja aliyesimama njiani akajiuliza yawezekanaje mioyo mia iliyozaliwa katika mashimo mia iwe na kasoro moja inayosema kwa sauti moja.

Dawa ilipatikana upesi. Fuko walikusanywa chini ya mikaratusi, wakafundishwa ujasiri siku tatu mfululizo: jinsi ya kusimama wima, jinsi ya kumkazia fisi macho, jinsi ya kutamka neno "sitaki" bila kutetemeka. Mwisho wake kila mmoja akapewa cheti.

Miongoni mwao alikuwamo mjane mmoja mwenye watoto wanne, naye aliyaamini mafundisho yale kwa moyo wake wote. Msimu ulipofika alilishona gunia lake sawasawa na mdomo wake, na fisi alipotaka kilemba, mjane alisimama wima, akamkazia macho, akasema, "Sitaki." Mbweha hakugombana naye. Alisema tu, "Hapa pana maneno, twende jirani." Jirani alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ada, akauza kwa lumbesa; na jirani wa jirani alikuwa na mgonjwa, akauza naye. Viazi vya mjane vilikaa wiki baada ya wiki, vikaanza kugeuka rangi ya kijani, kisha vikachipua. Wapima mioyo walipomrudia waliandika: ana ujasiri, hana akili ya biashara. Na msimu uliotangulia, alipouza kwa lumbesa, wao hao hao walikuwa wamemwandika: ana akili ya biashara, hana ujasiri. Katika hekaya hii yote hakuna liniumalo kama karatasi mbili hizo zilizowekwa katika jalada moja, chini ya jina la mama aliyefanya kila aliloambiwa.

Palikuwapo Kobe, mzee aliyeishi miaka mingi hata wajukuu wa wajukuu wakamwita Babu, na kila mwisho wa mwaka alitembelewa na Korongo, msafiri anayekimbia majira ya theluji ya Ulaya. Mjane alipokuja kulia mbele yao, Korongo ndiye aliyetangulia kusema.

"Babu, ugonjwa wa Kasuku nimeuona katika nchi nyingi, na dawa yake pia. Wafaransa walifanya mapinduzi yaliyoanza 1789, wakampindua mfalme wao, kisha vikafuata viwanda, na vijiji vikahamia mijini. Ndipo akaondokea mtu aitwaye Auguste Comte aliyesema kwamba maisha ya watu walio pamoja yana kanuni zake, nazo zichunguzwe kama zinavyochunguzwa kanuni za nyota na za miili. Mwishoni mwa miaka ya 1830 akaipa elimu hiyo jina la sosholojia. Akaja Émile Durkheim, aliyekuwa akifundisha Bordeaux, na mwaka 1897 akatoa kitabu juu ya watu wanaojiua. Hakuna jambo la mtu peke yake kuliko hilo, wala hakuna anayelifanya mbele ya baraza. Lakini alipopanga hesabu za nchi mbalimbali aliona idadi haibadiliki sana mwaka hata mwaka, na kwamba Waprotestanti walizidi Wakatoliki, na wasio na familia waliwazidi wenye nayo. Akasema kuna mambo yaliyo nje ya mtu yanayomshurutisha, aliyoyakuta alipozaliwa na atakayoyaacha akifa: desturi, sheria, sarafu, lugha. Mtu huyajua vema siku anapojaribu kuyakataa."

"Kama mjane alivyoyajua," akasema Kobe.

"Kama mjane. Na ng'ambo ya bahari, Philadelphia, mwaka 1896 alitafutwa msomi wa kumchunguza Mtu Mweusi wa mji ule, na wakubwa wengi walikwisha kuamini kwamba umaskini wake umetoka katika tabia yake. Kazi ikamwangukia W. E. B. Du Bois, mweusi mwenyewe. Akapita nyumba kwa nyumba katika kata ya saba, na mwaka 1899 kitabu chake kilipotoka kilionyesha milango ya kazi iliyofungwa, kodi za nyumba zilizopandishwa, na urithi wa utumwa. Naye alipita mlango kwa mlango, Babu, kama Kasuku. Ila aliuliza pia juu ya yale yaliyokuwa nje ya mlango."

Kobe alitikisa kichwa polepole. "Usije ukadhani elimu hiyo ilizaliwa kwenye mapaa yenu ya Ulaya. Mwaka 1377, katika ngome moja ya nchi iitwayo leo Algeria, Ibn Khaldun wa Tunis alikwisha kuandika kwamba dola huinuliwa na asabiya, mshikamano unaowafanya watu wahisi maumivu ya wenzao, na kwamba raha ya mji huula mshikamano huo hata vizazi vichache baadaye dola ikaanguka. Na huku kwetu, katika miaka ya 1930, niliwaona Godfrey na Monica Wilson walipokaa na Wanyakyusa huko Rungwe, wakaandika jinsi wavulana wa rika moja walivyoondoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakalala humo, wakazeekea humo. Jambo walilolitukuza wazee wale ni ukwangala, kukaa na wenzako kwa chakula na mazungumzo; anayekula peke yake walimtilia shaka. Niliona na mengine, ambayo hayakunifurahisha. Kule Iringa, miaka hiyo hiyo, mtafiti Gordon Brown na afisa wa wilaya Bruce Hutt walifanya jaribio miongoni mwa Wahehe, kitabu kikatoka 1935. Mapatano yao yalikuwa kwamba mtawala aulize na mtafiti ajibu. Walikuwa watu makini, na mengi waliyoyaandika yana faida. Lakini katika mapatano hayo Mhehe ni wa kuulizwa. Swali lake mwenyewe halikuwa na mahali pa kuandikwa."

Kisha akamgeukia mjane. "Mwanangu, acha kulia. Wewe una swali gani?"

Mjane akafikiri, akasema, "Nataka kujua lumbesa inamfaa nani, na inamfaa kwa njia gani."

Basi Kobe, pamoja na mwendo wake, akalifuata gunia. Alianzia shambani akafika njia panda, akaenda hata lango la ufalme, na kila lilipokwama gunia naye alikaa akatazama. Akaona wapakiaji hulipwa kwa gunia, si kwa uzito. Akaona nauli ya gari hutozwa kwa gunia. Akaona askari wa langoni hukata ushuru kwa gunia, akihesabu vichwa vya magunia bila kutazama vilemba vyake. Na akamkuta fisi kijana aliyewahi kununua magunia ya haki, yasiyo na kilemba: alilipa ushuru mwingi kuliko wenzake, na nauli nyingi, na upakiaji mwingi, akafika pwani akauza kwa hasara, na msimu uliofuata akashona vilemba kama baba yake. Kobe alirudi na uzito kifuani. Alikuwa ametoka kumtafuta mwizi, akakuta mpango uliowafunga fuko na fisi kamba moja, ingawa shingo iliyoumia zaidi ilikuwa ya fuko.

Akapeleka neno Ikulu. "Ewe mfalme, agiza ushuru utozwe kwa kilo, na mizani iwekwe mashambani, nawe utapata hazina kubwa kuliko sasa, maana kila kilemba kinapita langoni bila kulipiwa." Mfalme akamtazama Kasuku. Kasuku akaomba kwanza moyo wa Kobe upimwe. Ukapimwa siku nne, ukakutwa na kiburi, na jambo likafungwa kwa muhuri.

Fuko hawakungoja muhuri ufunguliwe. Kuanzia Isongole hata Uyole walianza kukaa pamoja jioni, wakichoma viazi na kuzungumza, na mjane aliwaeleza yaliyompata bila kumlaumu jirani aliyeuza, maana jirani yule alikuwa ameketi kando yake. Ndiye waliyeanza naye. Walichanga ada ya mtoto wake, wakachanga dawa ya mgonjwa wa nyumba ya pili, kwa kuwa waliona kwamba mbweha hupitia pale penye haja kali, na wakiiziba haja hiyo hatakuwa na "twende jirani" tena. Kisha wakanunua mizani moja, wakaiweka njia panda, wakaandika kilo 100 kwa herufi kubwa.

Msimu ulipofika mbweha alisema "twende jirani" mara nyingi, na kila shimo alilofika alielekezwa kwenye mizani. Magari ya fisi yalilala njia panda siku mbili. Siku ya tatu fisi kijana alishuka, akapima, akalipa, akamwambia mjane, "Mama, mimi nimekubali, lakini langoni nitaumia." Mjane akatwaa kitambaa chake akajifunga kiunoni, akapanda gari pamoja naye, na fuko wengine kumi nyuma yao. Walipofika langoni hawakuomba kupita. Walimwuliza askari ni kwa sababu gani ushuru huhesabu magunia badala ya uzito. Askari alifungua daftari lake, akalipekua mwanzo hata mwisho, asione jibu. Akamtuma tarishi Ikulu na karatasi yenye swali hilo, nao wakaweka alama za kucha zao chini yake, fisi na fuko, mmoja baada ya mwingine.