Kimya cha Shafti

Muuza pikipiki ya shafti ana maneno machache ya kufungia biashara: “Hii haina cheni, bwana. Wewe ni kujaza mafuta na kutembea tu.” Nusu ya maneno hayo ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowalipia mafundi ada za watoto. Ni kweli cheni haipo. Badala yake kuna chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba, kikipeleka nguvu kutoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu ya nyuma. Na kwenye pikipiki nyingi za aina hii, difu hulishika gurudumu kwa meno madogo yaliyopangwa duara katikati ya habu. BMW ilijijengea jina kwa shafti tangu R32 ya mwaka 1923, Honda nayo ikaiweka kwenye Gold Wing ya 1975, na tangu hapo wenye shafti hawajaacha kuwacheka wenye cheni. Hoja yangu ni kwamba kicheko hicho ndicho kinachoyamaliza yale meno. Shafti inataka matunzo kama chuma kingine chochote. Tofauti yake ni kwamba haikumbushi.

Cheni inakumbusha mpaka inakera. Ikilegea inagonga, ikikauka inalia, na bodaboda akijifanya hasikii, abiria atamwambia: “Kijana, cheni yako inapiga kelele.” Kwa hiyo inapata haki yake, hata kama haki yenyewe ni oili chafu ya injini iliyotiwa kwenye chupa ya maji yenye kizibo kilichotobolewa kwa msumari. Hata dereva wa Toyo ya mizigo, ambayo nayo inaendeshwa kwa shafti, hana shida kubwa, maana propela yake iko wazi chini ya bodi: anaiona, anaisikia krosi inapoanza kugonga, anaipiga grisi. Meno ya gurudumu la nyuma yamejificha ndani ya habu na hayana wa kuyasemea. Yanaisha polepole, kilomita baada ya kilomita, na wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe huja asubuhi moja: injini inanguruma, gia imeingia, klachi imeachiwa, na pikipiki haisogei hata inchi. Kwenye BMW za zamani, ambazo kebo ya spidi inatoka kwenye giaboksi, kichekesho kinakamilika, kwa sababu mshale unapanda hadi sitini na mwenye chombo bado yuko getini kwake. Hata askari wa barabarani hana kifungu cha kumshitaki mtu anayekimbia akiwa amesimama.

Anayebisha alitoe gurudumu la nyuma atazame. Kama meno yameachwa makavu kwa muda, atakuta unga mwekundu umetanda ndani ya habu. Wengi hudhani ni vumbi la barabarani, wakaupuliza na kurudisha gurudumu kwa amani. Unga huo ni meno yenyewe, yamesagika na kushika kutu. Jino zima lina kichwa bapa na mbavu zilizonyooka. Lililochoka huwa jembamba, limelalia upande mmoja na limechongoka hata unaweza kujichoma nalo. Sababu yake si mzunguko, kwa maana meno ya difu na ya habu huzunguka pamoja. Ila kila unapovuta mafuta na kila unapoyaachia, yanasogeleana kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele, chini ya mzigo mkubwa. Msogeo huo mdogo, ukirudiwa safari nzima, unaikamua grisi itoke. Chuma kinabaki kinasuguana na chuma, kutu inazaliwa, na kutu hiyo hiyo inageuka msasa wa kusaga kilichobaki.

Hapo mbishi wa kwanza atasema grisi ni grisi, naye aliipaka ile ya beringi iliyobaki kwenye kopo. Grisi ya beringi ni nzuri kwa beringi. Kwenye meno haya inatakiwa grisi au pasta yenye molibdenamu disulfaidi kwa wingi, na Honda kwa miaka mingi iliuza ya kwake yenye asilimia 60 ya madini hayo. Chembe zake zimejengwa kwa tabaka zinazoteleza moja juu ya nyingine, na hubaki zimeshikilia chuma hata mafuta yaliyozibeba yakishakamuliwa. Kasoro yake ni weusi: ikigusa suruali, suruali hiyo imeshakuwa ya gereji. Wapo wanaoiogopa kwa sababu hiyo, na wapo walio kinyume chao, wanaoamini kwamba kama kidogo kinafaa, kopo zima litafaa zaidi. Hawa wanajaza habu mpaka inafurika, gurudumu linazunguka, ziada inarushwa nje, na kwenye pikipiki yenye breki ya ngoma inaweza kufika kwenye viatu vya breki. Pikipiki iliyokuwa ikielekea kutokwenda sasa imekuwa haisimami.

Mbishi wa pili ni msomi. Atakuambia wahandisi walishamaliza tatizo hili, na ushahidi wake ni BMW R80 G/S ya mwaka 1980, ambayo gurudumu lake la nyuma linafungwa kwa bolti kwenye difu, bila meno yoyote kwenye habu. Ni kweli, na ni kazi nzuri. Lakini K100 iliyotoka 1983 nayo inafunga gurudumu kwa bolti, na bado ina meno pale shafti inapoingia kwenye difu, na mengine kwenye klachi, ambayo ili uyafikie lazima utoe giaboksi. Meno yalihama tu, na yamehamia mahali pagumu zaidi. Na anayejitetea kwamba difu ina oili yake ndani akumbuke kwamba oili hiyo imezuiwa na sili isifike kwenye gurudumu. Siku ukiiona imefika huko, usishukuru; sili imekufa.

Mbishi wa tatu analalamikia usumbufu, na huyu ndiye mwenye hoja dhaifu kuliko wote. Tairi la nyuma lazima libadilishwe, na gurudumu lazima litoke ili libadilishwe. Kazi kubwa imeshafanyika. Kilichobaki ni kufuta grisi ya zamani kwa kitambaa na mafuta ya taa, kukausha, kutazama meno, kisha kupaka tabaka jembamba kwa brashi. Wakati wa kufunga, fuata kitabu cha pikipiki yako, maana kwenye baadhi ya Honda nati za difu hulegezwa kwanza, ekseli ikakazwa, ndipo nati nazo zikakazwa, ili difu na gurudumu vikae sawa. Vikikaa upande, hata grisi bora haitayaokoa meno. Yote hayo hayamalizi saa moja. Habu mpya au difu ya kuagiza ng’ambo, kwa pikipiki ambazo hata spea zake ni za kutafuta kwa tochi, inakula miezi na mshahara.

Kwa hiyo wenye cheni waachwe waendelee na kelele zao, kwa sababu kelele zinawasaidia. Wewe mwenye shafti, usingoje kuambiwa na chombo kisichosema. Kila unapobadilisha tairi la nyuma, kabla fundi hajarudisha gurudumu, mwambie akuoneshe meno.